Ndege Iliyolala Kushoto

Voi,
11 Januari 2004

Kwa kaka Nzioka,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na Mama pia, na kwamba mvua ya Desemba iliwaachia kitu shambani. Sisi huku hatujambo. Nimefungua muhula na darasa la sita, watoto hamsini na wawili, na Kamanthe ameingia la saba. Amerefuka. Ukimwona kwa nyuma utadhani ni mimi. Ukimwona kwa mbele utajua ni mtoto wa nani.

Kadi zako za Krismasi huwa zinafika, asante, lakini kadi si barua. Leo ninaandika kwa sababu ya jambo aliloniambia Mama nilipompigia kwa simu ya dukani. Unajua anavyoongea kwa simu, kwa kelele, kwa sababu yeye mwenyewe hasikii. Akasema, "Ndugu yako anatengeneza ndege. Nyumba imejaa mabodi meupe. Anakata, anapima, haongei na mtu." Nikacheka. Halafu akasema, "Ameiwekea mahali pa bunduki kwa mabawa." Hapo nikaacha kucheka.

Nzioka, ni ile ndege?

Sikuulizi kwa ubaya. Ni wewe uliyemleta Muli nyumbani, ukamwambia Mama, huyu ni rubani na mimi ndiye fundi wa ndege yake, mpe chai. Na ulipofika wakati wa kumzika mume wangu kwao Ndithini, ulisimama nyuma ya watu wote ukaondoka kabla ya chakula, na mimi nikiwa na mimba ya miezi saba. Ubatizo wa Kamanthe hukuja. Ukaacha kazi ya jeshi, ukarudi Ekalakala kutengeneza pampu za maji. Tangu hapo hujawahi kutaja jina lake mbele yangu. Nimekaa miaka yote hii nikidhani unamchukia, kwa sababu ripoti ilisema kosa ni lake, kwamba alipinda kona akiwa chini mno, akaua ndege uliyoitengeneza kwa mikono yako.

Kama ni ile ndege, niambie kwa nini.

Msalimie Mama. Mwambie nimepata zile mbegu za mchicha.

Dada yako,
Nthambi

*

Ekalakala,
27 Januari 2004

Kwa dada yangu Nthambi,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi niko mzima, Mama naye ni mzima isipokuwa magoti. Mahindi yalikauka yakiwa yanabeba, lakini mbaazi zimetusaidia. Mama anasema mbegu hizo uzipande karibu na maji machafu ya jikoni.

Mama hakukosea. Ni ile ndege.

Kuna mzee mmoja Mhindi ambaye alikuwa na shamba huku Yatta, nilikuwa namtengenezea pampu. Mwezi wa kumi alikuwa anafunga mizigo kuhamia kwa watoto wake ng'ambo. Akaniita, akanipa kasha. Ndani kulikuwa na rimoti yenye vijiti viwili, mota ndogo na propela yake, betri mbili, chaja, na vimota vinne vidogo kama visanduku vya kiberiti. Akasema, "Nzioka, hii ni ya kurushia ndege ya kuchezea. Ndege yenyewe ilivunjika. Wewe ni fundi wa ndege, tengeneza nyingine." Nikabeba. Nikaiweka juu ya kabati miezi miwili, sikuigusa.

Mabodi nilipata kwa Ahmad, yule wa kuchora mabango kule Machakos mjini. Ni bodi nyepesi, karatasi huku, karatasi huku, katikati povu. Unaikata na wembe. Ukitaka ikunjike, unakata upande mmoja tu na kuacha karatasi ya upande wa pili, inakuwa kama bawaba. Ukitaka iviringike kama tumbo la ndege, unabandua karatasi ya ndani yote kwa maji, polepole, halafu unaizungushia chupa. Gundi ya moto ikizidi moto inakula povu. Rangi ya kupuliza pia inakula povu, kwa hivyo natumia rangi ya maji. Vile vimota vidogo vinavuta spoki za baiskeli, na spoki ndizo zinazoinua na kushusha vibapa vya nyuma ya bawa. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka, ndege inalala upande. Hayo ndiyo yote.

Sikuwa na mchoro. Nilifunga macho nikapima kwa kichwa. Nthambi, mikono yangu hii yenye makovu inakumbuka ile ndege kuliko ninavyoikumbuka mimi. Najua umbali kutoka mlango wa betri hadi ukingo wa bawa, najua ni hatua ngapi kuizunguka. Bawa la hii yangu ni urefu wa mkono wangu na nusu.

Nilichonga pia kichwa cha rubani kutoka kwa kipande kilichobaki, kama kidole gumba hivi. Sikutaka kifanane na mtu. Nilipomaliza kupaka rangi nikakiweka dirishani kikauke, na nilipogeuka kikawa kinaniangalia. Nimekitoa. Ndege itaruka bila mtu.

Umeniuliza kwa nini. Acha kwanza niimalize.

Simchukii Muli. Sijawahi. Hilo liweke moyoni hata kama mengine yatachelewa.

Ndugu yako,
Nzioka

*

Voi,
8 Februari 2004

Kwa kaka Nzioka,

Nimepokea barua yako na nimeisoma darasani wakati watoto wanafanya mtihani, hadi mmoja akaniuliza, mwalimu, kuna msiba? Hatujambo. Joto la huku unalijua. Natumaini magoti ya Mama yamepoa.

Hayo maneno yako mawili, "Simchukii Muli", nimeyakunja nimeyaweka kwenye Biblia. Ningeyapata miaka kumi iliyopita ningelala vizuri zaidi.

Kamanthe ameisoma sehemu ya mabodi na spoki, mengine nimemfichia. Ameuliza kama itakuwa na namba. Ndiyo, nikamwambia, ndege ya baba yako ilikuwa na namba ubavuni, mjomba wako anaijua. Tafadhali mwandikie hiyo namba.

Nikueleze pia jambo moja. Desemba tulipokwenda Ndithini kwa kina Muli, mtoto wa shangazi yake mmoja alimwambia Kamanthe mbele ya wengine, "Baba yako alikufa akijionyesha." Kamanthe hakulia. Alikuja akaniuliza, "Mama, kujionyesha ni kufanya nini?" Karatasi ya serikali imesema kosa la rubani, na mimi ni nani wa kubishana na karatasi?

Wewe ulikuwa pale. Ulimwona akiruka. Sijawahi kukuuliza ulichokiona, na sasa naona nilikosea.

Dada yako,
Nthambi

*

Ekalakala,
2 Machi 2004

Kwa dada Nthambi,

Poleni na joto. Huku ni upepo na vumbi, tunangoja mvua. Mama anakula vizuri. Amenituma nikwambie mbuzi amezaa mapacha.

Imeruka.

Ahmad alikuja na basi ya asubuhi kwa sababu alisema lazima aone bodi zake zikienda juu. Tulikwenda kwa ule uwanda wa malisho upande wa barabara ya Kivaa. Nilikagua kila kitu. Nilisukuma kijiti kulia, nikaenda nikainama nikaangalia kibapa cha kulia kimepanda na cha kushoto kimeshuka. Nikasukuma kushoto, nikaenda nikaangalia tena. Nilifanya hivyo mara saba au nane. Ahmad akachoka. "Bwana, unaipeleka Ulaya?"

Akaishika tumboni, akakimbia hatua tano, akaitupa.

Ilishuka kidogo kama inayotaka kugusa majani, halafu ikashika hewa, ikapanda. Propela ikizunguka huwa inavuta ndege kushoto, hata ile kubwa ilikuwa hivyo, unairekebisha kwa kulia kidogo. Nikaweka kulia kidogo. Ikanyooka. Ilizunguka uwanda mara sita, kijivu tumboni na kijani mgongoni, na namba ubavuni. Ahmad alikuwa amekaa chini anacheka peke yake. "Nimechora mabango miaka ishirini," anasema, "hakuna hata moja lililoniondokea."

Ilitua kwa majani bila kuvunjika chochote. Ahmad akaiokota, akaangalia ndani ya kile kioo nilichotengeneza kwa chupa ya soda. Halafu akauliza, "Dereva wake ameangukia wapi?" Nikamwambia haina dereva. Akasema, "Ilipopita juu yangu niliona kichwa." Nikamwambia ni kivuli. Hakubishana, lakini hakuishika tena, na alirudi mjini na basi ya saa nane ingawa tulikuwa tumepanga ale kwetu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu nirudi nyumbani huwa naisikia ndege. Siku za jua, saa tisa hivi. Inatoka upande wa Kivaa, inapanda, halafu inakatika ghafla. Nimezoea. Naacha spana, nangoja ikatike, naendelea na kazi. Nilijua ni kichwa changu. Lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa uani na Mama anachambua mbaazi. Saa tisa ikafika, ikaanza. Mama, ambaye hasikii hata jogoo, akainua kichwa akaangalia juu. Akauliza, "Huyo bado hajatua?"

Nikamwuliza, nani? Akarudia kuchambua mbaazi.

Namba niliiandika. Umeuliza nilichokiona. Nitakwambia, lakini kuna kitu lazima nikihakikishe kwanza.

Ndugu yako,
Nzioka

*

Voi,
10 Machi 2004

Kwa kaka Nzioka,

Shikamoo kwa Mama na hongera kwa mbuzi. Sisi ni wazima kabisa, na leo hii nyumba yetu ina furaha.

Nimemsomea Kamanthe jinsi ilivyoruka, akanifanya nirudie. Ya kichwa na ya Mama sikumsomea. Wewe umekaa peke yako muda mrefu, na Mama amezeeka. Nakuombea.

Tumeamua. Shule zikifunga Aprili tunakuja, wiki nzima. Kamanthe anataka kuiona ikiruka, na anataka umweleze baba yake alikuwa mtu wa namna gani kazini. Mimi namweleza ya nyumbani tu, kwamba alipenda isyo iliyolala, yale mahindi na maharagwe ya jana, na alikuwa hawezi kuimba. Ya angani sijui. Ni wewe tu uliyebaki unayeyajua.

Usiibadilishe chochote hadi tufike.

Dada yako,
Nthambi

*

Ekalakala,
29 Machi 2004

Nthambi,

Natumaini hamjambo. Mama hajambo. Mvua imeanza.

Ndege haipo tena. Nimeivunja mimi. Soma barua hii ukiwa peke yako.

Ile siku, Jumanne tarehe 6 Agosti 1991, ndege ya Muli ilikuwa kwenye karakana yetu. Nilikuwa nimebadilisha waya za bawa, zile mbili zinazotoka kwa kijiti cha rubani hadi kwa vibapa. Ni waya mbili zinazofanana. Zikipishana mahali pa kuunganishwa, kijiti kitakwenda vizuri tu, hakikwami, lakini ndege itafanya kinyume. Ukitaka kulia inakwenda kushoto. Ndiyo maana baada ya kufunga lazima mtu mmoja asukume kijiti na mwingine asimame nje aangalie bawa. Halafu mkaguzi aangalie tena, aweke sahihi.

Sikuangalia. Saa nane ilikuwa imepita, ndege ilitakiwa saa tisa, nilikuwa na nyingine mbili zinangoja. Niliweka sahihi yangu. Mkaguzi akaweka yake juu ya yangu bila kutoka kwa kiti.

Muli akaja. Nthambi, rubani naye huangalia. Kila siku Muli alikuwa akikaa ndani anasukuma kijiti huku na huku na kugeuza shingo aone mabawa. Hakuna siku alikosa. Siku hiyo alipanda, akanigusa bega, akauliza, "Shemeji, umefunga mwenyewe?" Nikasema nimefunga. Akasema, "Basi." Akasukuma kijiti mara moja, akiangalia mbele. Hakugeuza shingo. Hakugeuza kwa sababu ni mimi.

Ilipoinuka ikavutwa kushoto kidogo, kama kawaida yake. Nikaona inalala zaidi. Nikasema moyoni, rekebisha, Muli, rekebisha. Ikalala zaidi. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ikageuka mgongo chini.

Kabla haijagusa ardhi nilikuwa nimeshajua. Lakini kujua si kuona, na moto ulikula bawa la kushoto lote na zile waya. Wachunguzi waliponiita mbele ya meza waliniuliza, ulikagua? Nikasema nilikagua. Waliniuliza, rubani alikagua? Nikasema nilimwona akisukuma kijiti. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Wakaandika alipinda akiwa chini. Miaka kumi na miwili nimejiambia pengine ni kweli alipinda. Pengine waya zilikuwa sawa. Ulipoandika kwamba mtoto ameambiwa baba yake alikuwa anajionyesha, nikaona siwezi tena kukaa kwa hiyo pengine.

Jumamosi nilikwenda uwandani peke yangu. Nilifungua zile spoki mbili, nikazipishanisha. Ndege nikaitupa kwa mkono wa kulia, rimoti nimeishika kifuani na wa kushoto. Ilipanda. Ikavutwa kushoto kidogo. Kidole changu kikasukuma kulia, chenyewe, kabla sijafikiri, ingawa nilijua nimezipishanisha. Ikalala zaidi. Nikasukuma zaidi. Nilihesabu, Nthambi. Moja, mbili, tatu, nne, mgongo chini, ikagusa.

Ni vile vile. Hata namna pua ilivyotafuta ardhi ni vile vile.

Muli hakukosea kitu. Mkono wake ulifanya kazi sawasawa kama alivyofundishwa. Alikuwa anajaribu kuinuka, na kila alipojaribu ni mimi niliyekuwa ninamlaza. Mwambie Kamanthe hivyo. Mimi sina uso wa kumwambia.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka ujue kutoka kwangu.

Ndugu yako,
Nzioka

*

Ekalakala,
20 Mei 2004

Kwa dada Nthambi,

Natumaini mko wazima wewe na mtoto.

Aprili imepita hamkuja, na sikutegemea mje. Mama alikaa barazani siku ya kufunga shule na siku iliyofuata, amevaa lile gauni la bluu. Nimemwambia una kazi nyingi.

Nilidhani nikishakuandikia, ile sauti ya saa tisa itaisha. Haijaisha. Siku hizi haikatiki. Inapanda tu, inakwenda, hadi siisikii tena, na mimi nabaki nimesimama nikiingojea.

Kama huwezi kuniandikia, mwandikie Mama.

Nzioka

*

Voi,
14 Juni 2004

Nzioka,

Barua yako ya Machi ninayo. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Nilianza kukujibu mara tano, nikachana.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijifungua hospitali bila mtu, kwa sababu kina Muli walikuwa na aibu na wewe ulikuwa umejificha. Nilimkasirikia marehemu. Unaelewa hilo? Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto wake huku nimemkasirikia, usiku na mchana, kwamba alitaka kusifiwa na watu waliosimama chini wakimtazama, akatuacha. Nimeomba msamaha kwa kaburi, lakini kaburi halijibu.

Umeniandikia mimi, na mimi si mahali pake. Ukiniambia mimi peke yangu, umenibebesha tu ulichokuwa umebeba. Jina la Muli halikuandikwa kwenye barua kati ya ndugu wawili. Liliandikwa kwenye ripoti. Waandikie walioiandika. Nenda kwa wakili, uape, uweke sahihi yako kama ulivyoiweka siku ile, na unitumie nakala. Hadi nione nakala usiniandikie.

Kamanthe nimemwambia. Hajasema neno juu yako.

Mama Kamanthe

*

Ekalakala,
8 Julai 2004

Kwa Nthambi,

Nakala iko ndani ya bahasha hii. Niliapa kwa wakili Machakos mjini Jumatatu tarehe 21 Juni. Aliniuliza mara mbili kama nimekunywa kitu. Akaniuliza tena kama naelewa naweza kushtakiwa. Nikamwambia naelewa. Nimeandika jina langu tu, la mkaguzi sikuliandika. Alikufa mwaka wa tisini na saba, na waya nilizifunga mimi.

Wamejibu haraka kuliko nilivyodhani. Wananitaka Nairobi tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, na vitambulisho vyangu vya kazi. Hawakusema nini kitafuata.

Nimezungumza na mke wa jirani, Wanjugu, kwamba nisiporudi siku hiyo atakuwa akimpikia Mama. Mama nimemwambia ninakwenda kwa mambo ya Muli. Akasema, "Mpelekee sweta, huko ni baridi."

Nzioka

*

Voi,
19 Julai 2004

Nzioka,

Nakala nimeipata.

Hiyo tarehe 19 shule zitakuwa zimefungwa. Nitapanda treni ya usiku wa kumi na nane. Nitakuwa mlangoni pao saa tatu na nusu. Siji kukushika mkono. Nataka kuwepo ukisema, nisikie kwa masikio yangu, na wakiniuliza mimi ni nani nitawaambia ni mke wa rubani.

Nthambi

*

Voi,
5 Desemba 2004

Kwa kaka Nzioka,

Natumaini umeamka salama, na Mama, na kwamba mvua hizi za Novemba zimeshika huko. Sisi hatujambo. Kamanthe amekuwa wa tatu darasani.

Barua ya wale wa Nairobi imenifikia wiki jana na najua wewe pia wamekutumia. Nimeisoma nikiwa nimesimama posta. Wameondoa yale maneno, "kosa la rubani". Sasa imeandikwa, sababu haikuthibitishwa. Nilitaka waandike zaidi. Nilitaka waandike "rubani alifanya kazi yake sawasawa", kama ulivyosema wewe mbele ya yule afisa, ambaye mwaka huo wa tisini na moja lazima alikuwa bado shule ya msingi. Lakini hakuna waya za kuonyesha, ni maneno yako tu, na wamesema hawatakushtaki kwa maneno yako tu. Niliposoma hivyo sikujua kama nimefurahi au nimekasirika. Bado sijui.

Siku ile tulipotoka ofisini ulitaka kuniambia kitu pale kwenye ngazi, nikakuacha nikaenda. Sikuwa tayari. Usifikiri sikuona ulivyokonda.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ndithini na Kamanthe. Nilibeba barua yao na nakala yako. Baba yake Muli amebaki peke yake siku hizi, mama mkwe alituacha mwaka wa elfu mbili akiamini ya ripoti. Nilimsomea mzee zote mbili kwa Kikamba, polepole, kila neno. Nilidhani atalia au atakulaani. Kamanthe alikuwa amekaa miguuni pake, akiwa ameshika mkono wake.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Nani alimtoa?"

Sikumwelewa. Akarudia, "Ndani ya moto. Nani alimtoa mwanangu? Alikuwa amesema kitu?"

Nzioka, ndipo nikagundua kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuuliza. Nilifungua tena karatasi yako nikaipitia yote. Umeandika saa, umeandika waya, umeandika aliyokwambia kabla ya kupanda. Umeandika hadi ndege ikagusa ardhi, na hapo umeweka nukta na sahihi. Hata barua uliyoniandikia mimi inaishia hapo hapo. Kamanthe naye aliona. Akaniambia tukiwa njiani, "Mjomba hajamaliza." Halafu akasema, "Yale makovu ya kuungua mikononi mwake uliniambia ni ya maji ya moto ya radieta ya gari."

Ni wewe uliyeniambia ni ya radieta.

Mzee anataka umwambie wewe mwenyewe. Hataki barua na hataki mimi niwepo. Baada yake, ukiweza, nitataka kusikia na mimi. Tutakuwa kwa Mama kuanzia tarehe 20. Nimemwambia Kamanthe tutalala huko, na amekubali.

Nenda Jumapili, baada ya kanisa. Utamkuta amekaa kwa kiti cha plastiki karibu na tanki la maji. Macho yake yameisha, anaona kivuli tu cha mtu. Ukifika langoni mwite, umwambie jina lako ukiwa bado mbali, asije akakuita kwa jina la mwanawe.

Dada yako,
Nthambi